Mchanga Ndani ya Bahasha

Kisiwa cha Sgarra
5 Aprili 1983

Baba,

Shikamoo. Ishbel amelala sasa hivi. Ana miezi saba na jino linamsumbua, kwa hiyo sijui kama nina dakika kumi au saa nzima. Naandika mbio, usinisahihishe mwandiko.

Kwenye barua yako ya Februari uliniuliza kama kisiwa hiki kina uwanja wa gofu wa maana. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijatoka nje tangu tuhamie. Sasa natoka. Kila siku isipokuwa Jumapili, nikishaanika nepi namtia mtoto kwenye kigari, tunaingia kwa lango la kondoo, tunazunguka mashimo yote tisa, tunarudi kupika. Hakuna anayenikataza. Siku nyingi hakuna mtu kabisa, ni mimi, mtoto na kondoo. Nimeona nikuandikie shimo baada ya shimo, maana wewe mtunza uwanja mstaafu usipokuwa na cha kubishia utaugua.

Maswali yako matatu nayakumbuka: ni mgumu kiasi gani, unachezeka na mtu wa kawaida, na una tabia gani. Basi. Ugumu, sijui bado. Shimo la kwanza njia yake ni pana hata mtu aliyefumba macho hawezi kuikosa. La pili unapanda kilima cha mchanga na bendera huioni mpaka uwe juu yake. Kuchezeka, ndiyo, hata mama mwenye kigari anapita. Tabia ndiyo imenishinda. Ardhi ina matuta madogo madogo kama shuka lisilotandikwa, na mpira ukianguka huwezi kujua utarukia wapi. Kwetu Kilmorrich ukipiga vibaya unajua kosa lako. Hapa unaweza kupiga vizuri na bado ukapotea.

Mkweo Lachie amerudi likizo kutoka kwenye mtambo wa mafuta. Anakusalimu. Jana alicheza shimo la tatu, lile lenye bahari upande wa kulia, mpira wake ukapinda kulia kama kawaida yake, ukazama. Tulicheka sana.

Wewe unakula nini? Usiniambie chai.

Mwanao,
Effie


Kilmorrich
14 Aprili 1983

Effie mwanangu,

Marahaba. Nakula uji asubuhi, samaki wa moshi mchana, na jioni nakula uji uliobaki asubuhi. Umeridhika?

Nimesoma habari za uwanja wako. Hayo ni malisho yaliyochomekwa bendera. Uwanja ambao hauonyeshi shimo mpaka uwe juu yake si mgumu, ni mwongo. Ugumu ni kitu kingine. Ugumu ni shimo letu la nane: umesimama, unaliona lote, bahari kushoto, handaki la mchanga mbele ya jamvi la majani mafupi penye bendera lina kina cha mtu mzima, upepo usoni. Hakuna kilichofichwa. Linakuambia, "Murdo, mimi niko hapa, wewe je?" Ndiyo maana watu walitoka mbali kuja kupigwa na lile shimo, wakarudi kwao wakiwa na furaha.

Nilipokuwa kijana nikibeba mikoba ya wachezaji kule kwenye viwanja vikubwa vya kusini, mabwana walikuwa wakiniuliza, "Gunn, uwanja gani mgumu kuliko yote?" Nikawa nawajibu, "Ule ambao huna wa kumlaumu." Wakanipa bakshishi wakidhani ni mzaha.

Jamvi la nane limeamka vizuri mwaka huu. Asubuhi hii nilipita nikaona limekatwa chini mno. Vijana wa siku hizi wanakata majani kama wananyoa ndevu.

Nikuulize jambo dogo. Huo mpira wa Lachie ulipinda kulia kweli? Hebu muulize tena.

Baba yako,
M. Gunn


Sgarra
3 Mei 1983

Baba,

Jino limetoka. Sasa anaota jingine.

Leo nakupa la nne na la tano. La nne ni fupi, ukiwa na nguvu za kawaida mpigo mmoja unakufikisha kwenye jamvi, lakini jamvi lenyewe limezungushiwa waya wa kuzuia kondoo, na mpira ukigonga waya unaupiga tena bila kuhesabiwa. La tano nalo ni la aina ile uliyoiita uongo. Unapiga kupita juu ya kilima cha mchanga, huoni chochote, kisha unapanda na kugonga kengele ili walio nyuma wajue umeondoka. Kengele ipo, imeshika kutu. Mimi naigonga kila siku. Nyuma yangu hakuna mtu, lakini Ishbel anaipenda, na mimi pia naipenda, kusema kweli. Ni kama kumwambia mtu kuwa nimepita.

Jumapili iliyopita nilipata aibu. Nepi zilikuwa zimejaa ndoo, jua limetoka baada ya siku nne za mvua, nikasahau niko kwa watu wasiofanya kazi Jumapili, nikaanika. Watu wakawa wanapita kwenda kanisani. Bi Peigi wa nyumba ya chini akasimama getini, kitabu cha zaburi kwapani.

"Effie, kwenu mashariki mnaanika Jumapili?"

"Nimesahau, mama."

"Bwana hakusahau."

"Mtoto naye hakusahau, mama. Ametumia saba tangu jana."

Akaweka kitabu juu ya ukuta akanisaidia kuanua, haraka haraka, mikono yake kama ya mwizi. Jumatatu alfajiri nikakuta nepi zangu zote zimeanikwa kwenye kamba yake. Lakini mpaka leo hajaingia ndani kunywa chai, nami sijui kumwomba.

Jumapili ni ndefu hapa, baba. Uwanja umefungwa, hata bembea ya watoto imefungwa kwa mnyororo. Nakaa dirishani nautazama tu.

Na jambo jingine. Barua zako zina nini? Tangu nikiwa chuo cha upishi, nikifungua barua yako lazima mchanga umwagike. Mezani, kitandani, mara moja kwenye supu ya mwalimu. Hizi mbili za mwisho nimezikung'uta, hata punje moja. Umeanza kufagia uzeeni?

Lachie hajambo.

Effie


Kilmorrich
12 Mei 1983

Effie,

Mjane wa MacRae, jirani mpya, ameniletea kitambaa kipya cha meza na amenikataza kuandikia kwenye meza ya jikoni. Ndiyo sababu. Ila kwa kuwa umelilia mchanga, nimekuwekea ndani, usije ukasema baba yako ni bahili.

Huyo Bi Peigi usimwombe kuja kunywa chai. Mpelekee kitu kinachohitaji kurudishwa, bakuli au sufuria. Atakuja kukirudisha. Hivyo ndivyo mama yako alivyonipata, kwa sufuria.

Kuhusu kengele ya shimo la tano, nimeifikiria. Nakubali ni kitu kizuri. Hilo halina maana nimeukubali uwanja.

Hapa upepo ni wa mashariki, juu ya shimo la nane mipira inarudi kama imeitwa. Nilikaa kwenye benchi la kumkumbuka mama yako nikatazama wageni wawili kutoka Glasgow. Mmoja alikaa ndani ya handaki mipigo sita. Nikamwambia, "Bwana, tukuletee kitanda?" Akacheka. Watu wa Glasgow wana moyo.

Lachie hujaniambia alijibu nini.

M. Gunn


Sgarra
20 Mei 1983

Baba,

Hii ni fupi.

Nilipokuwa na miaka sita ulinipeleka kwenye handaki la shimo la nane na chupa ya siki mfukoni. Ulimwaga matone mchangani, mchanga ukachemka povu. Ukaniambia, "Sikia, unaongea. Huu si mchanga wa mawe, ni magamba ya konokono na kome yaliyosagwa na bahari. Mchanga wa kuletwa na lori ni bubu." Kila kijana aliyekuja kufanya kazi kwako ulimjaribu hivyo. Ulimfukuza dereva mmoja na lori lake zima.

Leo nimemwaga mchanga wa bahasha yako kwenye kisosi. Ni mwekundu. Punje zake ni nene, na ndani yake kuna kijiti cha kiberiti kilichoungua. Nikamwagia siki. Nikasubiri. Ishbel alikuwa magotini kwangu, naye akatazama.

Bubu.

Uko wapi, baba?

Effie


Nyumba ya Wazee, Strathorran
28 Mei 1983

Effie,

Nimekulea vizuri kupita kiasi.

Mchanga ule ni wa ndoo iliyoko mlangoni hapa, ya kuzimia sigara. Nilifikiri hutatazama. Nilipaswa kujua.

Dhoruba ya mwisho wa Januari sikukuambia yote. Nilikuandikia kwamba iling'oa vigae viwili. Vigae viwili viling'oka kweli, lakini pia bahari ilikula jamvi la nane lote, na handaki, na benchi la mama yako, kwa usiku mmoja. Asubuhi nilitoka na chai yangu nikakuta ukingo umefika kwenye uzio wa mboga. Ufa wa jikoni ulikuwa unapitisha mkono. Watu wa halmashauri walikuja na helmeti, wakawa wapole, nikapewa siku tatu. Hakuna wa kumlaumu. Ni kama nilivyowaambia wale mabwana.

Niko hapa tangu Februari. Kuna milima pande zote. Bahari iko maili arobaini, na upepo ukifika hapa umechoka, hauna chumvi. Wanatupa chakula saa kumi na moja jioni kama kuku. Barua zako Dolina wa posta ya Kilmorrich ananiletea kwa gari la maziwa, na zangu nilikuwa namtumia yeye azipige muhuri wa kule. Usimkasirikie, nilimlazimisha. Mjane wa MacRae nilimtunga, na watu wa Glasgow pia. Ila kitanda ndani ya handaki niliwahi kumwambia mtu kweli, mwaka 1961.

Sikutaka uniwazie. Una mtoto. Pia nikisha kuandika kwamba jamvi la nane limekwisha, litakuwa limekwisha. Kwenye barua zetu lilikuwa bado lipo.

Sasa ni zamu yako. Lachie anapiga kwa mkono wa kushoto. Miaka minne nimemtazama akicheza. Mpira wa mashoto ukimtoroka unapinda kushoto, na wake haujawahi kupinda kulia hata siku moja. Wewe ni binti wa mtunza uwanja, huwezi kukosea hilo. Hukumwona akicheza. Nilijua tangu Aprili, nikakusubiri.

Yuko wapi?

Baba yako,
Murdo


Sgarra
9 Juni 1983

Baba,

Barua hii nimeianza mara nne.

Lachie hajarudi tangu Februari. Alimaliza zamu yake kwenye mtambo, badala ya kupanda feri akaniandikia kutoka Aberdeen kwamba amepanga chumba, anahitaji kufikiri. Binamu yake aliniambia baadaye kwamba chumba chenyewe si cha mtu mmoja. Posho analeta. Barua haleti. Viatu vyake viko mlangoni na nimekuwa nikivipangusa vumbi kila Ijumaa, usiniulize kwa nini.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyesema, siku ya harusi, kwamba mvulana anayecheza haraka hivyo hakai mahali. Sikutaka uwe umeshinda.

Siku ile ya Aprili nilitaka kuandika mtu anapiga mpira. Nilifumba macho, nikamwona mtu amesimama na upepo, anapiga, mpira unapinda kulia, anatukana kwa sauti ndogo, tunacheka. Nikaandika nilichokiona. Uliposema ni mashoto ndipo nikajua niliyemwona ni wewe.

Usiku nalia kidogo halafu nalala, kwa hiyo usiogope. Ninachochoka nacho si kazi. Ni kwamba siku nzima inapita na mtu mzima hajanijibu. Naongea na mtoto, naongea na kondoo, nagonga kengele ya shimo la tano.

Bi Peigi nilimpelekea supu kwenye sufuria. Alikuja kuirudisha. Alikaa saa mbili. Alipoondoka akaacha sufuria yake mwenyewe.

Sasa nisikilize. Nyumba hii ina chumba chini, hakina ngazi, dirisha lake linatazama jamvi la tisa. Sikuombi uje kunilelea mtoto na sikuombi uje nikulee wewe. Nakuambia chumba kipo na kiko tupu.

Mwanao,
Effie


Strathorran
17 Juni 1983

Effie mwanangu,

Nimesoma barua yako bustanini, halafu chumbani, halafu mhudumu akaniuliza kama kuna msiba.

Sikushinda. Liweke hilo moyoni. Nilikuwa na hasira na harusi kwa sababu ulikuwa unakwenda mbali, nikamsingizia mchezo wake.

Kuhusu chumba, asante, lakini hapana. Nyonga yangu mbovu, nashuka kitandani kama ng'ombe. Masikio unayajua, simu yenyewe siisikii, utakuwa unaita siku nzima. Mama mwenye mtoto mmoja hahitaji wawili. Hapa nimezoea. Kuna mzee mmoja, Hamish, alikuwa mchungaji wa kondoo, hajui gofu kabisa lakini anabishana vizuri.

Na uwanja wako bado ni malisho. Ugumu hauna, waya kwenye jamvi ni aibu, na shimo lisiloonekana mimi siwezi kuliheshimu. Kilmorrich walipima kila kitu sawasawa, hata sasa mashimo manane yaliyobaki yanayashinda tisa yako. Siku moja nitakuandikia jedwali la viwanja vyote nilivyopita, kwa ugumu, kwa kuchezeka, kwa tabia, uone mwenyewe.

Sijawahi kuishi mahali ambapo uwanja haunijui. Ndiyo hiyo tu.

Murdo


Sgarra
27 Juni 1983

Baba,

Huko Strathorran kuna uwanja gani unaokujua?

Nimesoma barua yako mara mbili. Nyonga, masikio, waya, jedwali. Sikuona mahali uliposema hutaki.

Feri ya Jumanne tarehe 12 Julai inafika saa nane mchana. Dolina atakuchukua kwa gari la maziwa mpaka stesheni, nimekwisha kumwandikia, amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Njoo kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, ukiona hapafai, nitakupeleka mwenyewe kwa Hamish. Ukija utaosha vyombo, maana nyonga haiko mikononi. Hutamkosoa Lachie mbele ya mtoto. Na utaniambia ukweli, kitu kikianguka baharini utaniambia siku hiyo hiyo, nami nitakuambia.

Ukikataa, kataa. Lakini chukua karatasi uandike kwa mkono wako, "Sitaki kukaa na Effie na Ishbel." Maneno hayo tu. Usiniandikie habari za uwanja.

Nakusubiri bandarini, au naisubiri karatasi hiyo.

Effie


Chini ya birika
13 Julai, alfajiri

Effie,

Hii haina stempu. Nimeandikia mezani kwako, hujanikataza.

Mmelala wote wawili. Nilisikia mtoto akilia saa tisa, yaani niliona taa, nikasimama mlangoni kwako, nikaona umemshika na umelala ukiwa umekaa. Nilimchukua. Hakunijua, akanitazama sana, halafu akanivuta sikio. Nimemrudisha kitandani saa kumi. Kwa hiyo kama shingo inakuuma leo, ni kwa kukaa vile, si kwa kumbeba.

Nimepita mlangoni nikaviona vile viatu. Sijavigusa. Siku ukitaka vitoke utaniambia, na ukitaka vikae, Ijumaa nitavipangusa mimi.

Nimetoka kuutazama uwanja wako kabla kondoo hawajaamka. Nimechukua saa moja na nusu kufika shimo la tano na kurudi, kwa nyonga hii. Umenipa maelezo mabaya ya la tatu, handaki lake hukulitaja kabisa, na matuta si ya hovyo, yamepangwa na upepo wa magharibi, ukiyatazama kwa upande unaona. Kule juu ya la tano sikuona kitu mbele, hata kidogo. Nilisimama pale muda. Bado sijui kama huo ni ugumu, nitaufikiria. Kisha nikagonga kengele, kama umeisikia ni mimi.

Vyombo nimeosha.

Ukikunjua karatasi hii kitu kitamwagika mezani. Usikifute kwanza. Siki iko kwenye rafu ya juu, nyuma ya chumvi, nimeiona.

Jaribu mwenyewe. Mimi nimekwisha kusikia.

Baba